Kila Mwaka Tunaanza Upya Kuipima Kahuwa

Mwezi wa saba, wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho ya kuweka kazi za mwisho za chuo, binti mmoja alinijia na kurasa 62 zilizokwisha kuchapwa na kutiwa jalada. Alikuwa finalisti, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, wa biolojia. Alikuwa amepima oksijeni katika kijito kinachoshuka kutoka vilima vya juu ya mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, akianzia kule ambako bado hakuna nyumba na kumalizia kinapoingia ziwani. Kule juu, kwenye maji maangavu yanayorukaruka mawe, alipata miligramu 7.4 za oksijeni kwa lita, maji yakiwa na joto la nyuzi 20. Kitabu alichokuwa nacho kilisema maji safi ya joto hilo hubeba 9.1. Basi akaandika, kwa herufi nzito, kwamba kijito kimechafuka tangu kwenye chemchemi yake.

Namba 9.1 ni ya kweli, ila ni ya maji yaliyo usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa huo, na vilima vyetu vinapanda zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, haina nguvu ya kuingiza oksijeni nyingi majini. Kwa joto lile lile, maji yaliyoshiba oksijeni pale ufukweni mwa Bukavu hubeba 7.6 hivi, na ukipanda mlima yanapungua tena. Kwa hiyo 7.4 yake ilikuwa habari njema: maji yale yalikuwa mazima kabisa. Alikuwa amepima vizuri, kwa mikono yake, akitembea kwa miguu saa nzima kufika chemchemini. Kilichomkosa ni sentensi mbili kutoka kwa mtu anayejua.

Nilimuuliza direkta wake, msimamizi wa kazi yake, alisemaje. Alinyamaza kidogo, akatazama jalada, kisha akanijibu, akinitaja kwa cheo changu cha chuoni, CT (chef de travaux).

"Bado hajaisoma, CT. Aliniambia nimpelekee ikishakwisha."

Ikishakwisha! Neno hilo limekuwa likinisumbua miaka mingi, kwa sababu hata mimi niliambiwa hivyo hivyo. Huku kwetu msimamizi wa kazi ya mwisho amewekwa mwishoni: anasoma haraka, anasahihisha Kifaransa, anatia sahihi, mwanafunzi anakimbia kuweka nakala. Sayansi inamhitaji mwanzoni. Dakika kumi za kueleza habari ya hewa na urefu wa mlima, zikitolewa mwezi wa kumi, zinajenga kazi nzima. Zikitolewa mwezi wa saba, zinavunja hitimisho la mtu aliyekwisha kulipia kuchapa na kujalidi nakala zake.

Katika masomo mengine sura mbaya inaweza kuandikwa upya usiku mbili. Maji hayarudi. Mvua za huku zinaanza mwezi wa tisa na kwenda hadi wa tano. Kisha tunabaki na miezi mitatu ya kiangazi. Mwanafunzi ambaye mada yake inakubaliwa mwezi wa nne, akazunguka hadi wa sita akitafuta chupa na dawa za maabara, atachota maji ya kiangazi peke yake. Kijito cha kiangazi ni chembamba, kimetulia. Hakina tope la mashamba, hakina takataka zinazoburutwa na mafuriko kutoka mitaa ya Kadutu. Atapata namba, lakini namba hizo hazimruhusu kusema lolote juu ya miezi tisa iliyobaki ya mwaka. Na kwenye utetezi, siku ya kuitetea kazi mbele ya walimu, kutatokea mtu wa kumuuliza, na hatakuwa na la kujibu, ilhali kosa lilifanyika siku ile barua ya mada ilipokaa mezani miezi minne.

Jambo jingine ambalo msimamizi tu ndiye anaweza kulizuia ni lile la kuchota chupa tatu mahali pamoja, saa ile ile, halafu kuzihesabu kama sampuli tatu. Mwaka 1984 mwanaekolojia Stuart Hurlbert aliandika makala iliyowashtua wenzake, akionyesha jinsi kosa hilo lilivyojaa hata katika majarida makubwa ya ekolojia. Chupa tatu za mahali pamoja zinakueleza kama mkono wako umetulia. Hazikuelezi kama kijito kimebadilika. Mwanafunzi wa miaka 22 atalijuaje hilo peke yake, ikiwa wataalamu wa dunia nzima walihitaji kukumbushwa? Hesabu za takwimu alizifundishwa ubaoni, kwa mifano ya sarafu na mipira ya rangi. Hakuna aliyesimama naye mtoni kumwambia: hii ni moja, na hii bado ni moja.

Nami nilifundishwa, ila si na yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye jalada langu. Direkta wangu nilimwona mara mbili: siku ya kupewa mada na siku ya sahihi. Aliyenisimamia kweli alikuwa mzee wa maabara, mtu ambaye hakuwa na cheo chochote cha kitaaluma na ambaye wote tulimwita Papa. Ndiye aliyenifundisha kujaza chupa ya oksijeni. Unaizamisha polepole, unaacha maji yaingie kutoka chini, unayaacha yamwagike juu mpaka yale ya kwanza yawe yametoka yote, unaifunga ukiwa umeiinamisha, kisha unaigeuza na kuitazama dhidi ya mwanga. Kukiwa na kiputo kimoja, unamwaga, unaanza tena.

"Kiputo kimoja tu, mtoto wangu, na umekwisha kutia hewa ya juu kwenye maji ya chini," aliniambia. "Utakuwa unapima pumzi yako."

Nilimwaga mara saba siku ile. Kisha akanionyesha kutia dawa mbili papo hapo mtoni, ile ya manganizi na ile ya iodidi, kwa sababu maji yakisafiri kwenye pikipiki hadi mjini bila kufungwa na dawa, wadudu wadogo waliomo wanaendelea kupumua na oksijeni inakwisha njiani. Ndani ya chupa kunashuka wingu. Likiwa la kahawia, oksijeni ipo. Likibaki jeupe, hakuna. "Ukiona weupe," alisema, "hapo samaki hawezi kuishi." Njia hii ilibuniwa na Mhungaria Lajos Winkler mwaka 1888, na mpaka leo ni rafiki mkubwa wa maabara maskini, maana haihitaji umeme. Jina la Papa lipo kwenye ukurasa wangu wa shukrani, mstari wa kwanza. Nakumbuka mmoja wa wasomaji wa kazi yangu aliniuliza kwa nini fundi ametangulia mbele ya profesa. Nilijibu kwamba bila yeye ningepima pumzi yangu. Sijabadilisha jibu hilo.

Nasimulia haya kwa sababu tunaposema mwanafunzi asaidiwe na msimamizi, watu wanafikiria maneno: ushauri, maelekezo, kutiwa moyo. Hayo ni mazuri. Lakini msaada wa sayansi unapita mkononi. Unapita kwenye kuonyesha, kwenye kusimama pembeni na kusema mwaga, anza tena. Asiyeweza kwenda mtoni mwenyewe amtume asistanti wake, na asistanti asiyejua amwendee fundi. Aibu haipo katika kutojua kujaza chupa. Aibu ni kumwacha mtoto wa mtu aijaze vibaya miezi mitatu na kisha kumpa alama 12 kati ya 20 kwa huruma.

Umeme nao una hadithi yake. Kipimo ambacho wafinalisti wengi hukichagua kwa sababu kimo katika kila kitabu ni kile cha siku 5: unapima oksijeni leo, unafungia maji gizani kwenye kabati la nyuzi 20 kwa siku 5, unapima tena, na tofauti inakuambia uchafu unaooza ni kiasi gani. Kabati hilo linataka umeme siku 5 mfululizo. Hapa Bukavu! Umeme wetu unatoka kwenye mabwawa ya Ruzizi, pale ziwa linapomwaga maji yake kwenda Tanganyika. Chupa za plastiki na takataka nyingine zinazotupwa kwenye mifereji na vijito vya mji zinaelea ziwani, zinafika Ruzizi, zinaziba njia ya maji kwenye mitambo, na wafanyakazi wa SNEL, shirika la umeme la taifa, wanalazimika kuziopoa. Uzalishaji unashuka, mitaa inakaa gizani. Na kabati la nyuzi 20 linazimika siku ya tatu, ndani yake kukiwa na maji ya kijito kile kile kilichobeba zile chupa. Uchafu unaopimwa ndio unaoharibu kipimo chake.

Msimamizi anayeujua mji huu hamruhusu mwanafunzi kuweka kazi yake yote kwenye kipimo hicho. Atamwambia: chukua wavu, chukua chupa za pombe ya maabara, koroga mawe ya chini kwa mguu wako na ukusanye wadudu. Kuna wadudu wa maji ambao hawawezi kuvumilia uchafu. Watoto wa Ephemeroptera na Trichoptera wanakimbia au wanakufa. Na kuna wanaovumilia, kama viluwiluwi vyekundu vya Chironomidae, ambao wekundu wao unatokana na himoglobini, ya jamii moja na ile iliyo katika damu yetu, inayowasaidia kunasa oksijeni kidogo iliyobaki. Ukiwakuta wekundu peke yao chini ya daraja, kijito kimekwisha kukueleza hali yake bila kabati na bila SNEL. Kazi ya namna hiyo mwanafunzi ataimaliza. Itamchosha macho kwenye hadubini, atawachanganya wengine na kurudia kuwahesabu, lakini ataimaliza, kwa sababu kila anachohitaji anaweza kukishika.

Tatizo ninalotaka kulisema kwa sauti, hata hivyo, ni kubwa kuliko direkta mmoja asiyesoma.

Ingia maktaba yoyote ya sayansi mjini hapa na utafute kazi za mwisho juu ya vijito vya Bukavu: Kahuwa, Wesha, Nyamuhinga. Zipo. Nimekaa nazo siku nyingi, nikiwa na karatasi ya mistari, nikijaribu kuziunganisha ili nione Kahuwa imekuwaje mwaka hadi mwaka. Nilishindwa. Mmoja amepima darajani, mwingine mdomoni mwa ziwa, wa tatu ameandika "sehemu ya kati" bila kusema kati ya nini na nini. Mmoja amechota saa 12 asubuhi, mwenzake saa 8 mchana, na oksijeni ya kijito haikai mahali pamoja kutwa nzima. Mmoja hakuandika saa. Vijana hawa wote walitoka jasho, familia zao ziliuza mbuzi, nao walitetea, wakapigiwa makofi, wakanywa soda na wageni. Na bado mji haujui kijito chake. Kila mwaka tunaanza upya kuipima Kahuwa kana kwamba ndiyo kwanza imetiririka.

Sababu ni kwamba tumewazoesha wanafunzi kuamini kila kazi lazima iwe na mada mpya kabisa. Nimesikia mada ikikataliwa kwenye kamati kwa maneno haya: "Hii imekwisha kufanywa." Katika insha huenda likawa neno la haki. Katika sayansi ya mito ni kosa kubwa. Kupima tena mahali pale pale, kwa njia ile ile, mwaka unaofuata, si kuiba kazi ya mwenzako. Ni kuipa kazi yake maana. Kipimo kimoja peke yake ni habari ya siku moja. Vipimo vya miaka kumi vinaweza kumwambia meya jambo.

Na sisi wa Kivu tuna ushahidi wa karibu. Sambaza, samaki wadogo tunaowala kila siku, hawakuwa wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katikati ya Ziwa Kivu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vya planktoni vilivyojaa huko. Waliowaleta walitarajia zaidi ndugu yao mwingine, Stolothrissa, lakini aliyeshika makao ni huyu Limnothrissa. Mwaka 1986 Mbelgiji Henri Dumont alionya kwamba samaki hao wangemaliza planktoni kubwa na uvuvi wenyewe ungeanguka. Je, alisema kweli? Swali hilo halijibiwi kwa mdomo. Lilijibika kwa sehemu kwa sababu miaka ya 1952 hadi 1954, kabla sambaza hawajafika, kulikuwa na watu waliopima ziwa na kuandika walipopima, walivyopima na walichokiona. Nusu karne baadaye watafiti wa ISP Bukavu, chuo cha ualimu cha hapa, na wenzao wa Ubelgiji walirudia, wakachapisha mwaka 2006, wakiweza kusema kipi kimepotea na kipi kimebaki. Daphnia, yule mkubwa wa planktoni, alikuwa ametoweka. Uvuvi haukuanguka.

Wale wa miaka ya 1950 hawakujua nani angekuja kuzisoma namba zao. Waliziandika tu kwa namna ambayo mtu mwingine angeweza kuzifuata. Ndivyo ilivyokuwa pia Lwiro, kilomita zipatazo 45 kutoka hapa, palipokuwa na kituo cha IRSAC, taasisi ya utafiti ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1947, na ambako leo iko CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi za asili: thamani ya mahali pale imo katika makabati ya mimea iliyokaushwa, katika madaftari, katika mfululizo. Vita vimepita pale zaidi ya mara moja. Wafanyakazi walibaki wakivilinda vitu hivyo, wengine bila mshahara. Nikimpeleka finalisti Lwiro kwa mara ya kwanza, simwonyeshi majengo, mazuri jinsi yalivyo. Namwonyesha lebo moja ya mmea, yenye tarehe, mahali na jina la aliyeuchuma, kisha namwomba aniambie kama daftari lake la uwandani lina vitu hivyo vitatu. Mara nyingi kimoja hakimo.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: msimamizi wa sayansi asigawe mada. Awe na swali lake, la miaka mingi, na kila mwanafunzi aingie ndani yake kwa kipande anachoweza kukimaliza kwa mwaka mmoja. Huyu apime oksijeni ya vituo 4 kwa mvua na kiangazi. Anayefuata achukue vituo vile vile 4 na kuongeza wadudu. Wa tatu atazame wanavyotumia maji wakazi wa kando. Atakayekuja baadaye atakuta chupa zipo, njia imeandikwa, makosa ya mwanzo yamekwisha kugunduliwa na wakubwa zake, na ana namba za jana za kulinganisha na zake. Mjadala wa kazi yake hautakuwa tena kunakili vitabu vya Ulaya, hata akaangukia kwenye 9.1.

Wenzangu wananijibu kwamba walimu wamelemewa, na ni kweli tupu. Wapo asistanti waliofanya kazi miaka mingi bila kuingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wengi wanafundisha hapa asubuhi, kwingine mchana, na Jumamosi wako Uvira au Walungu. Unampaje mtu huyo wafinalisti 10 na kumtaka aende mtoni? Lakini tazama kinachomchosha hasa. Wa kwanza anaandika juu ya vyura, wa pili juu ya ugonjwa wa mihogo, wa tatu mbu, wa nne sabuni ya majani fulani. Mwalimu anatakiwa kusoma fani 10 kwa wakati mmoja. Hawezi, ndiyo maana anasahihisha Kifaransa: ni kitu pekee kinachofanana katika kazi zote 10. Wape wote bonde moja la mto, na mzigo wake unapungua papo hapo. Anasoma fani moja, anaenda mtoni mara moja na watu 10, na wao kwa wao wanafundishana kujaza chupa.

Mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na udaktari, umelifanya jambo hili kuwa la haraka. Sheria ya mwaka 2014 iliutaja, na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 wanafunzi wa mwaka wa kwanza nchini waliingizwa humo. Zamani tulikuwa na miaka 3 ya graduwa na TFC yake, kazi ya kumalizia, kisha miaka 2 ya lisansi na memwari yake, kazi nyingine ya mwisho. Aliyekosea kwenye TFC alikuwa na nafasi ya kujirekebisha kwenye memwari. Sasa lisansi ni miaka 3, krediti 180, na wengi wataishia hapo kwa sababu ya fedha. Kazi moja, mara moja. Hatuna tena nafasi ya kumwacha mtu ajifunze kwa kuharibu.

Kuna wanaosema wanafunzi wa siku hizi ni wavivu, wananunua kazi zilizotengenezwa. Biashara hiyo ipo, na kila mtu anajua. Katika baadhi ya sekretaria, vile vibanda vya kuchapa kazi, unaweza kuingia na jina lako na kutoka na sura tatu. Siitetei hata kidogo; nimekwisha kukataa kazi ya namna hiyo na nitakataa nyingine. Lakini nimeongea na vijana walionunua, mlango ukiwa umefungwa, na simulizi yao inafanana mno. Walipewa mada, walilipa, walipiga simu, hazikupokelewa, walisubiri kwenye korido, waliambiwa waje wiki ijayo, na mwezi wa sita ulipofika walikuwa na mzazi kijijini anayeuliza lini utetezi. Mtu aliyeachwa peke yake miezi minane atanunua kinachouzwa. Anayeonana na msimamizi wake kila baada ya wiki mbili, akiwa na ukurasa mmoja na daftari lililolowa maji ya mto, hana cha kununua, kwa maana hakuna sekretaria inayoweza kumuuzia tope la darajani kwake.

Nalikazia hilo daftari. Wanafunzi hupenda kuniletea kitu kisafi, kilichochapwa. Mimi naomba kichafu kwanza. Naomba kuona namba ilivyoandikwa kwa kalamu pale pale, ikiwa imefutwa kwa mstari mmoja ili ya zamani isomeke. Humo ndimo ninamwona mwanafunzi wangu, na humo ndimo naweza kumsaidia.

Halafu lugha. Kazi inaandikwa kwa Kifaransa, na sina ugomvi na hilo. Ila nimegundua kwamba mwanafunzi anaweza kujificha ndani ya Kifaransa mwaka mzima bila kuelewa anachokisema. Anaandika sentensi ndefu aliyoikuta mahali, ina sauti nzuri, kila mtu anatikisa kichwa. Kwa hiyo huwa namwambia: funga karatasi, nieleze kwa Kiswahili, kama unamweleza mama anayeuza sambaza sokoni Nyawera kwa nini ulitia dawa majini. Mwanzoni wanacheka, wengine wanaona kama nawadharau. Kisha wanaanza, na pale wanapokwama ndipo ufahamu wao ulipoishia. Tunarudi hapo, tunalifungua jambo mpaka liseme Kiswahili chepesi, au Mashi kama ndiyo lugha ya nyumbani. Kifaransa kinakuja baadaye, kifupi na cha kweli. Yule binti wa 7.4 aliponieleza kwa Kiswahili alisema: "Kule juu hewa haisukumi." Maneno manne tu, nikajua ameelewa kuliko ukurasa wake wa 41.

Sitaki kusahau mwaka 2025. Waasi wa M23 walipoingia Bukavu mwezi wa pili, benki zilifungwa, watu wakahama, vituo vingine vya kuchotea maji vikawa mahali ambapo mzazi mwenye akili hamruhusu mtoto wake kwenda. Waliokuwa katikati ya vipimo walipoteza miezi. Niliona tofauti iliyokuwepo kati ya wanafunzi wawili wa hali moja. Wa kwanza alikuwa na mada ya peke yake. Mfululizo wake ulipokatika, kazi yote ilikatika. Wa pili alikuwa kwenye bonde ambalo wenzake wawili walikwisha kulipima miaka ya nyuma kwa njia ile ile. Alichokosa alikitaja waziwazi kwenye jedwali, nafasi tupu na sababu yake, akalinganisha miezi aliyokuwa nayo na miezi kama hiyo ya waliomtangulia. Alitetea. Kazi yake ina tundu katikati, na tundu hilo nalo ni habari: atakayeisoma baada ya miaka 20 ataona mwezi gani mji huu haukuweza kufika mtoni.

Yule binti tulimfungulia jalada. Tuliandika upya sura ya matokeo na mjadala kwa siku nne, yeye akiandika, mimi nikiuliza. Aliweka safu mpya kwenye jedwali, oksijeni kwa asilimia ya kile maji yanachoweza kubeba kwenye urefu ule, na kijito chake kikajieleza chenyewe: kizima mlimani, kimechoka katikati ya nyumba, kiko hoi kinapofika ziwani. Direkta wake alitia sahihi. Siku ya utetezi alijibu maswali yote kuhusu hewa na mlima, na alipoulizwa kuhusu msimu wa mvua alisema hakuupima, akaeleza kwa nini.

Kabla ya kuondoka Bukavu aliniletea daftari lake, nikalitia kwenye sanduku la bati pamoja na mengine. Mwezi wa kumi kijana mwingine atalichukua. Kwenye ukurasa wa mwisho ameandika jinsi ya kufika kituo cha tatu: shuka ngazi 14 za udongo nyuma ya bomba la maji, geuka kushoto, tafuta jiwe lenye rangi nyekundu, uchote kabla ya saa 3 asubuhi. Na chini yake, kwa kalamu tofauti, ameongeza: "Ukifika na jiwe halipo, pima kwenye mti wa avoka, na uandike kwamba jiwe limeondoka."